Kava la Cheni Lilikosa Nini?

Kulivua kava la cheni la Boxer na kulitupa, kisha kuipeleka pikipiki hiyo kwenye vumbi la Lukore na Mivumoni, ni kosa, na hakuna haja ya kumumunya maneno. Mtindo huu umekolea stejini, Ukunda hadi Msambweni, mpaka pikipiki yenye kava kamili inaonekana ya mgeni. Kazi nyingine za mafundi wetu hazina ila: gurudumu la nyuma linanyooshwa kwa alama za pande zote mbili, na klipu ya cheni inafungwa mdomo ukitazama nyuma.

Cheni hairefuki kwa kuvutika. Inarefuka kwa sababu kila pini inalika ndani ya bushi yake. Chukua cheni ya namba 428, ambayo kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Ikiwa na pingili 120, kila kiungo kikilika robo milimita tu, cheni nzima inaongezeka milimita 30, karibu asilimia 2, na hapo ni ya kutupwa. Sasa tazama kinachoila. Mchanga mwekundu wa Magarini, uleule uliochimbwa na kampuni ya Base Titanium hadi Desemba 2024, una kwatzi na zirkoni, madini magumu kuliko vyuma vingi. Chembe hizo zikichanganyika na oili chafu ya injini, ambayo wengi bado wanaimwagia cheni iliyo wazi hata tukipiga kelele vipi, zinakuwa dawa ya kusagia valvu. Kava lilikuwepo kuzuia mchanganyiko huo. Aliyelivua hakupunguza uzito wa maana. Ameufungulia mchanga mlango.

Waingereza wa zamani walilimaliza jambo hili mapema. Sunbeam za John Marston wa Wolverhampton, zilizoanza kutoka mwaka 1912, zilisifika kwa cheni iliyofungiwa ndani ya kasha lenye oili. BSA na Triumph za baadaye, ambazo wapenzi wa pikipiki za kale wanazisifu kupita kiasi, ziliiacha cheni ya nyuma karibu uchi, lakini ile ya kutoka injini kwenda klachi zikaihifadhi kwenye oili. Anayeifumua Triumph 650 ya 1963 ili kuijenga upya ana mashahidi wawili mbele yake: cheni ya ndani, inayokimbia zaidi, kwa kawaida ndiyo inayodumu zaidi. Mpinzani atasema ya nyuma inavutwa kwa nguvu kubwa kwa kuwa giaboksi imekwisha kuizidisha, na tena inatingishwa na mashimo. Ni kweli, mashahidi hao hawatoshi. Basi tumwite wa tatu, MZ ya Ujerumani Mashariki: cheni yake ya nyuma ilipita ndani ya mikono ya mpira, mahali palepale penye mvuto na mashimo, na kudumu kwa cheni hiyo ndiko kulikoipa sifa.

Zinabaki sababu za stejini. Kelele? Kava halipigi kelele; cheni iliyolegea ndiyo inayoligonga, na kulivua ni kumnyamazisha mlalamikaji badala ya kukaza cheni. Panchari ya nyuma ina hoja zaidi, maana bolti za kava zinakula dakika za abiria, lakini seti ya cheni na sproketi zake inakula mapato ya siku nzima na kuzidi. Matope ya masika huingia ndani, naam, na dawa yake ni kufungua, kuosha kwa dizeli, kutia oili safi na kufunga tena.

Deni la kava hulipwa mara ya pili pale cheni mpya inapovishwa juu ya sproketi za zamani, uchumi wa uongo ambao safu hii haijauzoea. Meno yaliyokwisha kujipinda hayakai sawa na rola mpya, na sproketi ya mbele, kwa udogo wake, huwahi kuisha. Anayenunua Boxer ya mkononi Ukunda afungue kifuniko cha sproketi hiyo kabla ya kuulizia bei, kisha aulize kava liko wapi.