Louise Farrenc na Mazoezi Yake ya Piano

Kila ajifunzaye piano hupita mlango mmoja, nao ni mlango wa mazoezi. Vidole havitii mpaka vifunzwe, na walimu wengi, watakapo kuvifunza, huchukua vitabu vya Czerny. Simlaumu Czerny, alikuwa mwanafunzi wa Beethoven na mwalimu wa Liszt, wala kazi yake haikosi faida. Lakini yafaa tuulize kwa nini kitabu cha mtunzi mwingine wa zama zile zile kiliachwa kabatini muda mrefu.

Mtunzi huyo ni Louise Farrenc, aliyezaliwa Paris mwaka 1804 akafa mwaka 1875. Mwishoni mwa miaka ya 1830 alitunga Mazoezi 30, yakapitia ngazi zote 24 za sauti, za meja na za maina. Mwaka 1842 alifanywa mwalimu wa piano katika Conservatoire, chuo cha taifa cha muziki mjini Paris, na mwaka 1845 chuo kikayafanya mazoezi hayo kuwa ya lazima.

Natuyapime kama muziki. Katika zoezi la kawaida vidole hukimbia na sikio husinzia. Farrenc hakutaka hivyo. Mkono wa kushoto, ambao kwa watungaji wengi wa mazoezi ni hamali tu, kwake hupewa neno la kusema. Sauti moja huuliza, nyingine hujibu, na mpigaji asiyesikiliza huaibika kabla ya mpigaji asiye na mbio. Sidai kwamba yote 30 ni johari. Mengine ni makavu, yatoa jasho kuliko furaha. Ila yaliyo bora yamfunza mtoto kufikiri kwa vidole.

Chuo kilichoyalazimisha mazoezi hayo kilimlipa mwenyewe chini ya walimu wanaume. Mwaka 1850 muziki wake wa ala 9 ulipigwa hadharani, Joseph Joachim, kijana bado, akiwa mmoja wa wapigaji, nao ukasifiwa sana. Ndipo alipomwandikia Auber, mkuu wa chuo, akadai haki yake, akapewa. Tazama ajabu hii, msomaji: ilimpasa kung'ara jukwaani ili alipwe sawasawa kwa kazi ya darasani!

Heshima ya ualimu nayo ilimfunika. Alipokwisha kuitwa mwalimu hodari, watu hawakuona haja ya kumwita mtunzi. Simfoni zake 3 hazikuchapishwa maishani mwake. Yeye naye alitumia nguvu nyingi kwa kazi za wengine. Kuanzia mwaka 1861, pamoja na mumewe Aristide, alitoa mkusanyo mkubwa wa muziki wa kale wa vinanda, wakiwamo Couperin na Scarlatti. Mumewe alipokufa mwaka 1865 aliendelea peke yake. Wala hakuwa wa kwanza kusahauliwa: Hélène de Montgeroult, aliyefundisha katika chuo hicho hicho tangu mwaka 1795, aliacha mazoezi 114.

Wako wasemao kwamba kazi hizi zirudishwe darasani ili kuwaheshimu wanawake. Hoja hiyo naiona dhaifu, kwani humwomba mwalimu sadaka. Mazoezi ya Farrenc sasa yamechapishwa tena na kurekodiwa. Mwalimu na ayaweke mezani karibu na Czerny, ampe mwanafunzi zoezi moja la kila kitabu kwa juma moja, kisha amwulize ni lipi aliloendelea kulipiga baada ya somo kwisha.