Namna ya kuitambua tasnifu bora ya sayansi ya siasa

Ukipewa tasnifu ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza, usibabaishwe na unene wake wala jalada gumu. Anza na swali la utafiti.

"Mchango wa vijana katika demokrasia Tanzania" ni mada isiyo na mipaka. Swali linalotafitika ni kama hili: kwa nini waliopiga kura ya urais walishuka kutoka asilimia 72 ya walioandikishwa mwaka 2005 hadi asilimia 43 hivi mwaka 2010? Lina pa kuanzia na pa kuishia, na mwanafunzi anaweza kulitafutia ushahidi katika kata moja.

Kisha tazama anavyozishika takwimu. Mwenye haraka ataandika kwamba wananchi walikata tamaa, afunge sura. Aliye makini atauliza kwanza: asilimia ya nini? Daftari la wapiga kura lilikuwa na majina milioni 16 hivi mwaka 2005. Mwaka 2010 yalifika milioni 20. Waliofariki waliondolewa? Wala hataishia hapo, maana kura zenyewe zilipungua, kutoka zaidi ya milioni 11 hadi chini ya milioni 9. Basi daftari peke yake si jibu. Mwanafunzi anayeibana hoja yake namna hii, kabla mtahini hajaibana, anastahili maksi za juu.

Fungua pia viambatisho, usome maswali ya mahojiano. "Huoni kwamba rushwa ndiyo iliyokuvunja moyo?" ni swali lililokwisha kumwekea mhojiwa jibu mdomoni. "Siku ya uchaguzi ulikuwa wapi?" humwacha aeleze mwenyewe.

Mwisho, pima usimamizi. Linganisha rasimu ya kwanza na ya mwisho. Mada ikiwa imebanwa na ushahidi umeongezeka, msimamizi alifanya kazi yake. Ikiwa kilichobadilika ni tahajia na namba za kurasa tu, mwanafunzi aliachwa peke yake. Na sura moja ikizungumza kwa sauti ya profesa huku nyingine zikibabaika, msimamizi alivuka mpaka: kazi yake ni kuuliza, kuandika ni kwa mwanafunzi.

Wasimamizi, someni pendekezo la utafiti kwa makini kabla mwanafunzi hajakwenda uwandani. Data ikishakusanywa kwa swali bovu, hakuna sahihisho litakaloiokoa tasnifu.