Moto, Mwanga au Nuru? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Mchezo

Kazi ya istilahi ni kumfikisha mtumiaji kwenye dhana. Ikimwelekeza kwingine, hupotea hata kama tafsiri ni sahihi neno kwa neno. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiigiza mhusika wake, na dadu huamua kama tendo limefaulu.

Miongoni mwa sihiri zinazotamkwa na wahusika imo iitwayo Faerie Fire. Kwa kanuni za toleo la 5, la mwaka 2014, mtamkaji huchagua eneo la mchemraba wenye futi 20 kila upande, lisilo mbali naye kupita futi 60. Vitu vilivyomo, pamoja na viumbe walioshindwa kukwepa, huzungukwa na nuru ya buluu, ya kijani au ya zambarau kwa muda usiozidi dakika 1. Aliyepatwa hanufaiki tena na kutoonekana kwake. Mshambulizi anayemwona hurusha dadu mbili zenye nyuso 20 na kuchukua namba iliyo kubwa.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "moto wa majini". Hapa pana kasoro mbili. Kwanza, moto huunguza, ilhali sihiri hii haimdhuru mtu. Hata kanuni za mwaka 1978 zilieleza hivyo. Jina la Kiingereza lenyewe limewahi kutumika kwa mwanga baridi wa kuvu katika magogo yanayooza. Mchezaji aliyeambiwa "moto" atatarajia kujeruhi, na zamu yake itapotea bure. Pili, kwa wasomaji wengi wa pwani yetu jini ni jambo la itikadi hai, wala si kiumbe wa ngano za Ulaya.

"Mwanga mfichuzi" ni afadhali, lakini nayo haitufai. Katika habari za uchawi, mwanga ni pia mchawi aendaye usiku, na katika "mwanga mfichuzi" upatanisho wa kisarufi hautenganishi maana hizo mbili. Isitoshe, kufichua huahidi kutafuta. Sihiri hii haitafuti. Mtamkaji asiyekisia vyema adui alipojificha ataiangazia pembe tupu.

Tunapendekeza "nuru bainishi". Kubainisha ni kukifanya kitu kitambulikane wazi miongoni mwa vingine, na hilo ndilo tendo lenyewe. Istilahi hii humfundisha mchezaji matumizi. Kwa kuwa nuru hubainisha tu, yafaa itamkwe kabla ya zamu za wenzake, ili wao ndio wapige. Anayehitaji kupata 11 au zaidi hufaulu mara 50 katika 100. Kwa dadu mbili hufaulu mara 75. Kwa kuwa hubainisha kila kilichomo, wenzake wasiwemo katika eneo, maana nao wakishindwa kukwepa watang'aa mbele ya adui. Na kwa kuwa hudumu kwa umakini wa mtamkaji, akijeruhiwa aweza kuipoteza. Hivyo hana budi kujiweka mahali salama. Dhidi ya adui mwepesi wa kukwepa, haina matumaini makubwa.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza mchezo unahusianaje na kazi ya ofisini au darasani. Jibu ni kwamba kosa ni lile lile. Afisa anayefasiri fomu, na mwalimu anayefasiri jaribio la sayansi, hukabiliwa na neno la kigeni ambalo sura yake haifanani na kazi yake. Kabla ya kuidhinisha istilahi, tumpe mtu asiyeijua lugha ya asili, kisha tumwulize atafanya nini nayo. Akijibu kwamba atachoma, turudi mezani.