Kionjo Kisicho na Ndoana

Basi la Lamu likisimama njia panda ya Minjila, muuza maembe anayejua kazi yake hatangulizi bei. Hukata kipande, akakupitishia dirishani, ukatafuna kwanza. Kipande hicho ni kionjo: kimetoka kwenye embe lile lile atakalokuuzia. Mvuvi wa kambare kule Garsen naye hutoa kitu bure, ila chake huitwa chambo, na ndani yake mna ndoana.

Tovuti zinazotoa kitabu cha bure ili uziachie anwani yako ya barua pepe ziko kati ya hawa wawili. Nimezifungua nyingi, kwenye simu, na kwa bando dogo. Nimejizoeza kuzipima kama mtu anunuaye embe, anayelibonyeza, akalinusa, akaangalia kikonyo.

Anza na kitabu chenyewe, maana hapo ndipo ufundi ulipo au usipo. Tuseme kinamlenga mkulima wa maembe wa kando ya Mto Tana, na kinaahidi kumsaidia kupambana na nzi wa matunda, yule aliyetoka Asia akagunduliwa Pwani ya Kenya mwaka 2003. Kitabu hafifu kitamwambia atunze shamba, atumie dawa bora, kisha awasiliane na kampuni. Kitabu cha fundi kitamwambia jambo zima: kwamba mitego yenye kivutio cha methili-yujino hunasa madume peke yao, majike yakabaki yakitaga mayai ndani ya tunda. Kwa hiyo mtego hautoshi. Maembe yaliyoanguka yaokotwe mara kwa mara, yafungwe ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, yaachwe juani mpaka mafunza yafe. Aliyesoma ukurasa huo anaweza kuinuka akaenda shambani bila kumlipa mtu yeyote. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na kitabu kikikosa hapo sina haja ya kuangalia jalada.

Wenye tovuti wengi huogopa kutoa jambo zima. Hudhani mteja akishiba hatarudi. Mimi siamini hivyo. Mmarekani Seth Godin alichapisha Permission Marketing mwaka 1999, akijenga hoja kwamba kumwandikia mtu aliyekupa ruhusa kuna thamani zaidi kuliko kuwapigia kelele maelfu wasiokuita. Mwaka uliofuata kitabu chake Unleashing the Ideavirus alikitoa bure kwenye intaneti, kizima. Hakuanguka kwa sababu hiyo.

Umbo la kitabu nalo huonyesha kama mwenyewe amewahi kukifungua kwenye simu. Faili la PDF lililopangwa kwa karatasi ya A4, safu mbili, hukulazimisha kusukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. EPUB hujipanga upya kulingana na kioo cha simu. Fundi mwenye huruma huandika kando ya kitufe idadi ya kurasa na uzito wa faili, ili mwenye bando la kubahatisha aamue mwenyewe.

Sasa fomu. Kitabu kinachotumwa kwa barua pepe kinahitaji barua pepe, na pengine jina la kukuitia. Ukiombwa namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu kwa ajili ya kurasa ishirini, funga. Mwenye fomu hiyo anakusanya watu.

Tazama pia kisanduku cha ridhaa. Kikiwa kimeshatiwa tiki kabla hujakigusa, mwenye tovuti amekujibia swali lako. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, na ya jambo mahususi, nawe una haki ya kuiondoa wakati wowote. Tovuti ninazoziheshimu zaidi hutenganisha mambo mawili: hiki hapa kitabu, na kama unapenda, hizi hapa barua zetu. Zinazoyaunganisha nazikubali pia, mradi zimesema mapema na bila kuficha, kwa mfano, utapata kitabu na barua moja kila Jumatatu. Hayo ni mapatano, na mtu mzima anaweza kuyakubali au kuyakataa.

Jambo dogo ambalo wengi hulidharau ni barua ya kuthibitisha, ile inayokuomba ubonyeze kiungo kabla hujaingizwa kwenye orodha. Huku kwetu watu wengi walifunguliwa anwani siku waliyonunua simu, wakaisahau; wengine huazimana. Bila uthibitisho, mtu anaweza kuandikishwa na mwenziwe, au herufi moja iliyokosewa ikampelekea mgeni barua asizoziomba. Orodha iliyopitia hatua hiyo huwa fupi, lakini kila jina ndani yake ni la mtu aliyeitikia mwenyewe.

Kisha subiri barua ya pili na ya tatu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata barabara ya Lamu baada ya Minjila, mimi niliendelea kuletewa barua za kunihimiza ninunue pampu ya kumwagilia maji. Zilikuwa zimepangwa zijitume zenyewe, na hakukuwa na mtu wa kuzisimamisha. Tangu hapo natafuta dalili kwamba anayeandika anajua msomaji yuko wapi, na msimu gani.

Kipimo cha mwisho ni mlango wa kutokea. Tangu mwaka 2024, Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma barua za matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, lakini fundi hakungoja kuambiwa. Mimi hujiondoa hata kwenye orodha ninazozipenda, mara moja, ili kuujaribu mlango. Zipo zilizonitaka nitaje sababu, nikaingiza nywila, nikangoja siku kumi. Iliyo bora kuliko zote ilinijibu kwa mstari mmoja: umeondolewa, kitabu kinabaki kuwa chako. Nilijiandikisha tena siku hiyo hiyo.