Filamu ya kitabu cha picha isipimwe kwa kuhesabu tu

KITABU kinapogeuzwa kuwa filamu, wengi wetu huanza kuhesabu: hiki wamekiacha, kile wamekiongeza. Wanafunzi wa fasihi huhakiki vivyo hivyo hata maigizo ya vitabu teule yanayopelekwa shuleni. Naona kipimo hicho hakitoshi. Hebu tukijaribu kwa kitabu kifupi mno, ‘Where the Wild Things Are’ cha Mmarekani Maurice Sendak, kilichochapishwa 1963 na kutuzwa Nishani ya Caldecott mwaka uliofuata.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mtoto Max, akiwa amevaa vazi la mbwamwitu, anafanya utundu, anamtishia mamake kwamba atamla, na analazwa bila chajio. Chumba chake kinaota miti hadi kinakuwa msitu. Anapanda mashua, anafika kwa madubwana, anawatiisha na kutawazwa mfalme wao. Kisha anatamani kwao na kurudi. Maneno yote ni 338 tu. Sasa, filamu ya zaidi ya saa moja na nusu itatoka wapi hapo?

Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yake ya 1959, alitaja aina tatu za tafsiri. Ya tatu ni kuhamisha maana kutoka mfumo mmoja wa ishara hadi mwingine, mathalani kutoka maneno hadi filamu. Tunachosahau ni kwamba kitabu cha picha tayari kina mifumo miwili. Picha za mwanzo za Sendak ni ndogo, zimezungukwa na weupe wa karatasi. Chumba kinapogeuka msitu, nazo zinatanuka. Madubwana wanapocheza ngoma yao, picha zinameza kurasa mbilimbili, mara tatu mfululizo, bila neno hata moja. Ukurasa wa mwisho nao hauna picha, ni maneno machache ya kutuambia chakula cha Max hakijapoa.

Filamu ya Spike Jonze ilitoka 2009, na mswada aliuandika pamoja na Dave Eggers. Max ameongezewa dada asiyemjali na mama aliyelemewa na kazi, baba hayupo. Madubwana wamepewa majina, wivu na vinyongo. Mwenye kuhesabu atalalamika, lakini mimi sina ugomvi na nyongeza hizo. Carol, dubwana anayevunja nyumba kwa ghadhabu, ni hasira ya Max iliyopewa mwili. Max anapomwogopa, anajiogopa mwenyewe. Alichokisema Sendak kwa ukubwa wa picha, filamu inakisema kwa uso na sauti.

Ugomvi wangu uko kwingine. Katika filamu, Max anamuuma mamake kisha anatoroka usiku hadi kwenye maji. Katika kitabu, msitu unamwotea chumbani mle mle. Ati tofauti ni ndogo? La hasha! Msitu wa Sendak unaota ndani ya adhabu yenyewe. Mtoto aliyefungiwa anaishinda hasira yake kwa mawazo yake mwenyewe, bila mtu mzima kumwelekeza. Ndiyo maana Sendak hakumchora mama hata mara moja. Mtoto anapotoroka, kisa kinakuwa cha mtoto aliyepotea, na wasiwasi wetu unamhamia mama anayemkimbilia gizani. Nguvu aliyokuwa nayo Max inapungua.

Hata hivyo, tazama mwisho. Max yuko mezani anakula, mamake anamwangalia mpaka usingizi unamchukua. Hapana mawaidha, hapana kuombana radhi. Kitabu kilifunga kwa maneno bila picha. Filamu inafunga kwa picha bila maneno. Vyote viwili vinamwachia mtoto ajue mwenyewe kwamba bado anapendwa. Hapo Jonze ameiacha sura ya kitabu na kuibeba kazi yake.

Basi, mwalimu na mwanafunzi, badala ya kuuliza kilichoachwa ni kipi, tuulize hivi: kazi ya kwanza ilimfanyia nini msomaji, kwa mbinu gani? Nayo ya pili imepata mbinu gani ya kumfanyia mtazamaji jambo hilo hilo? Kwa kipimo hicho, Jonze alikwama pale Max alipotoka mlangoni, akafaulu aliporudi mezani.