ISBN si cheti cha ubora wa utafiti

KUNA dhana potovu iliyokita mizizi miongoni mwa baadhi ya wahadhiri wetu wa Kiswahili kwamba kitabu kikishapata ISBN, basi tayari ni kazi ya kitaaluma. Utamsikia mtu akijipiga kifua: “Changu kina ISBN!” Haya, hata kitabu cha mapishi ya pilau kinayo.

ISBN ni kitambulisho tu. Hebu tazama jalada la nyuma la kitabu kilichochapishwa nchini. Tangu 2007 nambari hiyo ina tarakimu 13. Awali zilikuwa 10. Aghalabu utakuta 978, kisha 9966 inayoitambulisha Kenya, halafu tarakimu za mchapishaji, za kitabu chenyewe, na moja ya mwisho ya kuhakiki kwamba nambari haikukosewa. Hakuna inayosema mswada ulisomwa na wataalamu. Huku kwetu nambari hizi hutolewa na shirika la maktaba za kitaifa, KNLS, na kazi yake si kupima uhakiki wako wa fasihi.

Wapo pia wanaodai kwamba makala inayosomwa bure mtandaoni ni takataka. Hofu hiyo naielewa. Majarida ya ulaghai yamezagaa: unalipa ada leo, wiki ijayo umechapishwa, ati umetathminiwa! Lakini Azimio la Budapest la 2002 kuhusu uchapishaji huria lilitaka msomaji aondolewe bei na vizuizi. Halikusema tathmini iondolewe. Swahili Forum, jarida lililoanza 1994 kule Ujerumani, husomwa bila malipo. Nani atathubutu kuliita takataka?

Mambo haya yanagusa tonge la mtu. Mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) iliweka vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, na machapisho yana uzito mkubwa humo. Basi mhadhiri anatafiti ushairi wa Lamu, anapeleka makala yake kwa jarida la ng’ambo linalouza makala moja kwa makumi ya dola. Yeye anapanda cheo. Mwanafunzi wa uzamili wa Maseno atazitoa wapi dola hizo? Na yule mshairi aliyehojiwa barazani mwake, ataisoma lini?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi mlango upo wazi. Wachapishaji wengi wa ng’ambo humruhusu mwandishi kuweka nakala ya mswada uliokubaliwa katika hazina ya kidijitali ya chuo chake, wakati mwingine baada ya muda fulani kupita, mradi aonyeshe DOI ya makala iliyochapishwa. Hazina hizo tunazo vyuoni, ila zimejaa tasnifu za wanafunzi huku makala za walimu wao zikiwa haba. Sharti hilo limo kwenye mkataba, ukurasa wa haki za mwandishi, ambao wengi wetu hutia sahihi bila hata kuufungua.