Soga ya Bibi na Mjukuu: Utani, Wajibu na Haki ya Kusema katika Mazingira ya Buyangu

1.0 Utangulizi

Soga ni utanzu unaotajwa katika takriban kila orodha ya tanzu za fasihi simulizi, lakini ni nadra kuchambuliwa. Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi aliiweka soga katika kundi la mazungumzo, pamoja na hotuba, ulumbi na malumbano ya watani. Mulokozi alitahadharisha kwamba si kila mazungumzo ni fasihi. Mazungumzo huwa fasihi pale tu yanapokuwa na usanii katika lugha, uwasilishaji na muktadha. Tahadhari hiyo ni ya msingi. Hata hivyo, wahakiki na wanafunzi waliofuata wameielekea zaidi lugha, wakatafuta tashbihi, chuku na vichekesho, na pale walipovikosa wakaiona soga kuwa porojo za kupitisha jioni.

Makala haya yanahoji mwelekeo huo. Yanachunguza soga ya bibi na mjukuu kama inavyoeleweka katika mazingira ya Buyangu, katika Kaunti ya Kakamega, na kushikilia kwamba usanii wa soga hiyo umo katika mpangilio wa wasemaji na wasikilizaji zaidi ya kuwamo katika vichekesho vyenyewe. Utani baina ya vizazi hivi viwili humpa kijana cheo ambacho hana katika maisha ya kawaida, na akiwa katika cheo hicho huweza kuhoji wajibu wa mzazi wake bila kuvunja heshima. Aidha, makala yanaonyesha kwamba cheo hicho kina mipaka, na kwamba hali za karibuni zimekitikisa.

2.0 Mazingira ya Buyangu na Chanzo cha Malalamiko

Buyangu iko upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, katika eneo la Wakabras, mojawapo ya jamii za Waluyia. Sehemu hii ya msitu, pamoja na kipande cha Kisere, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985 na kuwekwa chini ya mamlaka ya wanyamapori. Tangu hapo masharti yake yamekuwa makali kuliko ya upande wa kusini, ambako idara ya misitu imeruhusu wanakijiji kuokota kuni na kulisha mifugo kwa vibali. Kwa wakazi wa Buyangu, msitu unaoonekana kutoka mlangoni si mahali pa kupata kuni kwa uhuru. Upande wa pili wa maisha kuna mashamba madogo yaliyogawanywa kila kizazi, na kuna miwa, zao ambalo katika eneo hili huchukua takriban miezi 18 au zaidi kabla ya kuvunwa. Karo ya shule, mahari na deni la dukani husubiri malipo hayo, na malipo yakifika huwa na wadai wengi kuliko shilingi.

Hapa ndipo yanapozaliwa malalamiko ya kila siku: kuni zimekwisha, karo haijalipwa, baba amepokea pesa na haijulikani zimekwendea wapi. Maadili ya jamii hayamruhusu mwana kumkabili baba yake kwa maswali ya namna hiyo. Uhusiano wa vizazi vinavyofuatana ni wa heshima na umbali, na umbali huo hufikia kilele chake katika adabu kali baina ya mkwe wa kiume na mama mkwe, au baina ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Kinyume chake, uhusiano wa vizazi vinavyopishana, yaani wa kuka (babu) au kukhu (bibi) na mjukuu, ni wa utani. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake; babu humwita mjukuu wa kike mke wake. Aghalabu mjukuu huwa amerithi jina la babu au la jamaa mwingine wa kizazi hicho, na hivyo utani huu una mzizi katika mfumo wa majina wenyewe.

Desturi hii haiwahusu Wakabras peke yao. Waswahili wa pwani wanaifahamu vyema, na A. R. Radcliffe-Brown aliijadili katika insha yake ya mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani, akiunganisha utani na kuepukana kama njia mbili za kushughulikia mahusiano yenye mvutano. Kwa mtazamo wake, utani ni ukosefu wa heshima ulioruhusiwa. Maelezo hayo yanasaidia kueleza kwa nini utani upo. Hayaelezi unachosema, wala unamwambia nani. Hilo ni jukumu la mhakiki wa fasihi.

3.0 Muundo wa Soga: Msemaji, Msemwa na Msikilizaji

Ili kudhihirisha muundo huo, tazama mfano ufuatao, uliobuniwa kwa ajili ya uchambuzi huu kwa kufuata taratibu za utani zilizoelezwa. Mjukuu anaingia jikoni kwa bibi yake jioni. Baba wa kijana ameketi nje, hatua chache tu kutoka mlangoni.

Bibi: Mume gani huyu anayeingia mikono mitupu? Kuni zimekwisha, nawe umekuja kula tu.

Mjukuu: Mke wangu, kuni ziko msituni, na msitu una wenyewe. Muulize mwanao. Yeye ndiye aliyepokea pesa za miwa.

Bibi: Pesa za miwa? Hizo zina miguu kukushinda wewe. Zilipita hapa usiku, hata mbwa hakubweka.

Kwa mtazamo wa vichekesho pekee, mfano huu hauna mengi: kuna tashihisi ya pesa zenye miguu na kuna kejeli ya mume asiyeleta kuni. Uzito wake uko katika neno moja, nalo ni ‘mwanao’. Kijana hakusema ‘baba yangu’. Akiwa mume wa bibi, amepanda ngazi mbili na kukaa mahali pa babu yake, na kutoka hapo baba yake anaonekana kuwa mtoto. Swali ambalo mwana haruhusiwi kumuuliza baba limekuwa swali ambalo wazee wawili wanaulizana kuhusu mtoto wao. Adabu haikuvunjwa, kwa kuwa katika mantiki ya soga hakuna mwana aliyesema.

Jambo la pili ni hadhira. Soga hii ina wasemaji wawili, lakini mlengwa wake ni mtu wa tatu, naye hasemi lolote. Baba aliyeketi nje anasikia kila neno. Hana njia ya kujibu, maana akijibu atakuwa ameingia katika utani usio wake, na atakuwa amekiri kwamba neno limempata. Akinyamaza, neno limekwisha kufika. Kwa hiyo ukimya wa baba ni sehemu ya utendaji. Mkusanyaji wa fasihi simulizi anayenakili maneno ya bibi na mjukuu na kumwacha baba nje ya daftari huwa amenakili nusu ya soga, na nusu hiyo ndiyo inayoonekana kuwa porojo.

Jambo la tatu ni nafasi ya bibi. Yeye ndiye aliyeanza kwa kudai kuni, na mjukuu ndiye aliyegeuza dai hilo kuwa la pesa. Katika jibu lake bibi hakumtetea mwanawe wala hakumshtaki. Alisema tu kwamba pesa zilipita usiku. Kauli hiyo inathibitisha hoja ya kijana na papo hapo inaifunga katika kicheko, ili mazungumzo yasigeuke kuwa kesi. Bibi ni fanani na pia ni mdhibiti wa mipaka. Anajua neno lipi liachwe lipite na lipi likatwe. Ustadi huo hujifunzwa kwa miaka mingi, na ni wa kisanaa kama ulivyo ule wa manju wa ngoma.

4.0 Haki ya Kusema katika Fasihi Andishi

Ikiwa soga ni mfumo wa kumpa msemaji haki ya kusema, inafaa kuuliza waandishi hufanya nini pale mfumo huo unapokosekana. Mfano ulio karibu na Buyangu ni wa Francis Imbuga, mzaliwa wa Wenyange katika Vihiga jirani, aliyeishi kati ya mwaka 1947 na 2012 na kuandika kwa Kiingereza. Katika tamthilia yake Betrayal in the City (1976), kijana Jusper anasema ukweli kuhusu utawala wa Kafira akiwa katika hali inayochukuliwa kuwa wazimu. Taifa halina bibi wala mjukuu. Halina uhusiano wa ukoo unaomruhusu mdogo kumhoji mkubwa. Kwa sababu hiyo mwandishi amelazimika kubuni leseni nyingine, nayo ni wazimu. Ukilinganisha leseni hizi mbili, tofauti yake ni kubwa. Leseni ya mjukuu hutolewa na jamii tangu kuzaliwa na huwalinda wote waliopo. Leseni ya mwendawazimu hujipatia mtu mwenyewe, na haimlindi mwingine.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), inaonyesha upande mwingine. Uhusiano wa Zakaria na binti yake Rosa ni wa amri na kipigo. Barua ya mvulana inapogunduliwa, hakuna mazungumzo baina ya baba na mtoto, kuna adhabu. Wahakiki wameisoma riwaya hii kama uchambuzi wa malezi mabaya na wa athari zake kwa msichana. Usomaji huo ni sahihi, ila unaweza kuongezewa jambo: nyumba ya Zakaria imeonyeshwa kama nyumba isiyo na mlango wa pembeni. Hofu ya Rosa haina mtu wa kuipokea kwa utani na kuirudisha kwa mzazi ikiwa imepunguzwa makali.

5.0 Mipaka ya Utani

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuisifu soga kupita kiasi. Kwanza, cheo kinachotolewa na utani hakilingani kwa wajukuu wote. Mjukuu wa kiume huitwa mume, na mume ni mwenye boma. Mjukuu wa kike huitwa mke wa babu, na kwa bibi yake huwa mke mwenza. Cheo chake ni cha mtu aliyeolewa na kuja kutoka kwingine. Anaweza kumtania bibi kuhusu mapishi na wivu, lakini cheo hicho hakimweki mahali pa kuuliza kuhusu ardhi. Imbuga aliliona pengo hili katika tamthilia yake Aminata (1988), iliyoandikwa baada ya Sheria ya Urithi kuanza kutumika nchini Kenya mwaka 1981. Aminata anadai ardhi aliyoachiwa na baba yake akiwa binti, tena waziwazi, na upinzani wa ami yake Jumba hauwezi kutatuliwa kwa kicheko. Dai lake limetoka katika uwanja wa soga na kuingia katika uwanja wa sheria kwa sababu soga haikuwahi kumtengea nafasi.

Pili, soga haitoi hukumu. Baba aliyesikia kuhusu pesa za miwa anaweza kuona haya na kulipa karo. Anaweza pia kunyanyuka na kuondoka. Waliosema hawana namna ya kumlazimisha, na utani ukirudiwa kila jioni bila matokeo hupoa na kugeuka mazoea.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, muundo wa soga hutegemea kuwapo kwa vizazi vitatu. Rais Moi alipoutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999, familia nyingi magharibi mwa Kenya zilikuwa tayari zimepoteza kizazi cha kati, na mabibi walikuwa wakiwalea wajukuu mayatima. Uhamiaji wa wazazi kwenda mijini umeleta hali inayofanana na hiyo, ingawa kwa njia nyepesi zaidi. Bibi anapokuwa ndiye mlipa karo, mtoa adhabu na mwamuzi wa saa ya kulala, amechukua nafasi ya mzazi, na nafasi hiyo ni ya heshima na umbali. Anaweza kuendelea kumwita mjukuu mume wake, lakini neno ‘mwanao’ halina tena anayelisikia mlangoni. Malalamiko ya kijana sasa yanamhusu bibi mwenyewe, na hakuna aliyepishana naye wa kumpa haki ya kuyasema. Kinachobaki ni vichekesho vya soga bila kazi yake.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2014 ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, majirani wa Wakabras, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hatua hiyo ilistahili. Ngoma ina vifaa, wachezaji na siku maalumu, kwa hiyo kutoweka kwake huonekana. Soga ya bibi na mjukuu haina kifaa kinachoweza kuhesabiwa, na inaweza kudhoofika huku maneno yake yote yakiendelea kusikika.

Kwa hiyo utafiti wa utanzu huu unahitaji njia tofauti. Mkusanyaji aandike ni nani aliyesema, akiwa na cheo gani cha utani, na ni nani aliyekuwa karibu akisikia bila kujibu. Aandike pia kile kilichofuata, kama karo ililipwa au haikulipwa. Mhakiki naye, anapoisoma riwaya au tamthilia yenye mgogoro wa vizazi, anapaswa kuuliza kama mwandishi amewapa wahusika wake mtu wa kupitishia neno, na kama hakuwapa, ni nini kimechukua nafasi yake: wazimu, barua, mahakama au kipigo. Swali hilo halitajibiwa na soga peke yake, lakini mhakiki asiyeijua soga hatalifikia.